Spider-Man Mmoja, Sanamu Nne: Ipi ya Kushika, Ipi ya Kutazama

Ukitaka kujua kama sanamu ya Spider-Man imetengenezwa na watu wanaoijua kazi yao, mkalishe kwa kuchuchumaa. Magoti yapande hadi karibu na kifua, nyayo zote mbili zikanyage meza, mkono mmoja uguse chini katikati ya miguu, halafu kichwa kiinuke kitazame mbele. Kisha mwachie. Mkao huo mmoja unapima nyonga, magoti, vifundo, vidole vya miguu, mgongo na shingo kwa pamoja, na ndani ya dakika moja utajua yale ambayo picha ya kwenye boksi haikukuambia.

Nimekusanya sanamu za mashujaa kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni "ipi bora?" Likiulizwa hivyo halina jibu. Sanamu ya kushika na sanamu ya kutazama ni vitu viwili tofauti, hata kama zimevaa nguo moja na zina jina moja. Anayenunua ya kutazama kisha akaichezeshachezesha kila siku ataiharibu. Anayenunua ya kushika kisha akaifungia kabatini, baada ya miezi michache ataiona ya kawaida mno. Kwa hiyo nimewaweka mezani Spider-Man wanne: wa Marvel Legends kutoka Hasbro, wa S.H.Figuarts kutoka Bandai, wa One:12 Collective kutoka Mezco, na wa Hot Toys. Batman naye atapita hapa, maana joho lake lina mambo ambayo Spider-Man hana.

Pima kabati kabla ya kupima sanamu

Watatu wa kwanza ni wa kipimo cha 1:12, yaani sentimita moja ya sanamu ni sawa na sentimita 12 za mtu mzima. Wanasimama sentimita 15 hivi, wengine wanazidi kidogo. Wa Hot Toys ni wa 1:6, karibu sentimita 30. Mtu akisikia "mara mbili" anadhani atahitaji rafu mbili badala ya moja. Sivyo. Urefu ukiwa mara mbili, na upana ukawa mara mbili, na kina pia, nafasi nzima inakuwa mara nane. Pale ulipopanga kikosi kizima cha 1:12 wakiwa wameinua mikono na kuruka, wa 1:6 watakaa wawili, tena wakiwa wamesimama wima kama walinzi.

Hata ndani ya 1:12 wenyewe hawalingani. Spider-Man wa Figuarts ni mwembamba na mfupi kidogo. Ukimweka bega kwa bega na wa Marvel Legends anaonekana mdogo wake. Kwa sanamu moja hilo si tatizo. Tatizo linakuja unapotaka kundi lililokamilika, kwa sababu jicho huona tofauti ya kichwa kikubwa na kichwa kidogo haraka kuliko linavyoona tofauti ya rangi. McFarlane Toys, waliotengeneza mashujaa wa DC kuanzia 2020, walichagua kipimo cha inchi 7, sentimita 18 hivi. Batman wao akisimama karibu na Spider-Man wa Marvel Legends anakuwa jitu. Kama unataka wawili hao wapigane kwenye rafu moja, amua mapema ni nani atakayekubali kuonekana mdogo.

Viungo, na mtihani wa kuchuchumaa

Hapa ndipo ningetaka msomaji akae muda mrefu. Kiungo ndicho kinachoitofautisha sanamu hii na kinyago cha mezani. Hata jina linalotumiwa kwa Kiingereza, "action figure", lilibuniwa na Hasbro mwaka 1964 kwa ajili ya G.I. Joe, mwanajeshi wa sentimita 30 aliyekunja viwiko na magoti, ili wavulana wasione wamepewa mwanasesere. Tangu mwanzo, ahadi ya bidhaa hii ni kwamba itasogea.

Matangazo hupenda kuhesabu viungo. McFarlane huandika kwamba sanamu zao zina sehemu zisizozidi 22 zinazosogea. Hot Toys husema zaidi ya 30. Hesabu hiyo inasaidia kidogo tu. Kiwiko chenye bawaba mbili kinachoishia pembe mraba kwa sababu msuli wa mkono umechongwa mnene kina thamani ndogo kuliko kiwiko cha bawaba moja kilichochongewa nafasi ya kujikunja vizuri. Muulize muuzaji, au tafuta picha: mkono unafika begani? Goti linakunjika hadi kisigino kiguse paja? Shingo inaangalia juu? Maswali hayo matatu yanazidi namba yoyote iliyoandikwa kwenye boksi.

Marvel Legends ilianzishwa na Toy Biz mwaka 2002 na kuhamia Hasbro mwaka 2007. Spider-Man ndiye shujaa waliyemrudia mara nyingi sana, na mazoezi hayo yanaonekana. Mwili wake mzuri una bawaba mbili kwenye viwiko na magoti, tumbo linalojikunja mbele na nyuma, paja linalozunguka, na kifundo cha mguu kinacholala upande ili unyayo ukanyage hata miguu ikiwa imetanuliwa. Matoleo mapya mengi yameficha zile pini za duara zilizokuwa zikionekana magotini kama vifungo vya shati, na baadhi yana mabega yanayoweza kuvutwa mbele kuvuka kifua. Ukimkalisha kwa kuchuchumaa anakaa, na anabaki. Anaposhindwa ni shingoni: kichwa hakiinuki vya kutosha, kwa hiyo anaishia kutazama sakafu hatua moja mbele yake badala ya kukutazama wewe. Pia vidole vya miguu kwa kawaida havikunjiki.

Jihadhari na jambo moja kwenye mfululizo huu. Hasbro hutumia kalibu moja ya mwili kwa mashujaa wengi, na kubadilisha kichwa, rangi na vifaa. Kalibu ya chuma ni ghali, na bila njia hiyo tusingepata mashujaa wasiojulikana sana kwa bei ndogo. Lakini maana yake ni kwamba huwezi kusema "Marvel Legends ni nzuri" au "ni mbaya" kwa ujumla. Uliza mwili. Spider-Man wawili wa mfululizo mmoja, waliotoka miaka tofauti, wanaweza kuwa mbali mbali kabisa kwa uwezo wa kusogea.

S.H.Figuarts ilianza mwaka 2008 na Kamen Rider, shujaa wa Kijapani anayepiga mateke ya kuruka, na asili hiyo imo ndani ya kila kiungo chao. Kifua kimetengana na tumbo, tumbo na kiuno, kwa hiyo mgongo unajipinda kama mgongo kweli. Kwenye matoleo mengi nyonga hushuka kidogo ukiivuta, na hapo paja linapata nafasi ya kupanda. Vidole vya miguu vinakunjika. Kichwa kinainuka. Katika mtihani wangu huyu ndiye anayepata alama zote: anachuchumaa, anaegemea vidole vya mkono mmoja, na anakutazama usoni. Boksini huja na jozi kadhaa za viganja, cha ngumi, cha kurusha utando, cha kutambaa ukutani, na kuvibadilisha ni nusu ya raha yenyewe.

Gharama ya wepesi huo ni wembamba. Vijiti vinavyoshika viganja vina unene wa kijiti cha kuchokoa meno. Niliwahi kukikata kimoja nikiwa nabadilisha kiganja kwa haraka, nikakizungusha huku nakivuta, na kilichobaki ndani ya kifundo hakikutoka hadi nilipokitoboa. Sanamu ile haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la mkono wangu. Tangu siku hiyo navuta kwa mstari ulionyooka, na kiungo kikikataa napasha joto kwanza.

Kupasha joto ni elimu ambayo kila mkusanyaji angefaa apewe pamoja na risiti. Sehemu nyingi za sanamu hizi ni PVC, plastiki inayolainika kwa joto kabla ya kuharibika. Kiungo kigumu kikiingizwa kwenye maji ya moto kwa dakika moja, au kikipulizwa na mashine ya kukaushia nywele, hulegea kiasi cha kusogezwa bila kuvunjika. Mguu uliopinda ndani ya boksi hunyooshwa hivyo hivyo: pasha, nyoosha, tia kwenye maji ya baridi ukiwa umeushika. Usijaribu hivyo kwenye sanamu yenye taa au betri ndani, wala kwenye iliyovaa kitambaa.

Mezco na Hot Toys wanafanya mtihani kwa namna nyingine kabisa, kwa sababu viungo vyao viko chini ya nguo. Wa Mezco anachuchumaa, ila suti inavimba nyuma ya goti na kuvuta begani, na ukimwachia anajiinua kidogo kwa sababu kitambaa kinarudi. Wa Hot Toys naye anashuka, lakini si hadi chini, na hata angeweza nisingemwacha hapo. Kitambaa kilichovutwa miezi mingi hakirudi kama kilivyokuwa. Huyu ni wa kusimama, kuegemea kidogo, kunyoosha mkono. Aliyemtengeneza alikusudia utazame, na ukimhukumu kwa kuchuchumaa unamwonea.

Uso, nguo na macho

Akiwa na barakoa usoni, Spider-Man hampi mtengenezaji nafasi ya kuonyesha uhodari wa kuchora uso. Kwa hiyo tazama mistari ya utando. Kwenye sanamu nzuri, mistari imechongwa kwenye plastiki na rangi nyeusi imelala ndani ya mifereji yake. Kwenye ya bei ndogo, mistari mara nyingi imepigwa juu tu, na mahali kiungo kinapokutana na mwili mistari inakatika, haiunganiki upande wa pili. Simama hatua mbili mbali. Kama ukiwa pale bado unaona mistari iliyokatika, utaiona kila siku.

Macho ni jambo la pili. Ukingo mweusi wa jicho ukivuka mpaka wake hata kidogo, sura nzima inalegea. Ukiweza kuchagua mwenyewe kati ya maboksi matano ya sanamu ileile, chagua kwa macho. Rangi za kiwandani hupigwa kwa maelfu, na hakuna mbili zinazofanana.

Kichwa kisicho na barakoa ndicho kinachotenganisha bei. Hasbro siku hizi huchapisha uso kwa mashine: vidoto vidogo vya rangi, kama picha ya gazeti. Kwa umbali wa mkono uso unafanana na mwigizaji kuliko ulivyowahi kufanana zamani. Ukisogeza karibu sana, au ukipiga picha kwa lenzi ya karibu, vidoto vinaonekana. Hot Toys hupaka kwa tabaka, na ngozi inapata wekundu wa sikio, uwazi wa kope, kivuli cha ndevu zilizonyolewa asubuhi. Kwa baadhi ya sanamu zao wameweka mfumo wa mboni zinazozungushwa, hivyo unaweza kuchagua anatazama wapi. Na kwa Spider-Man wa filamu, matoleo yao kadhaa huja na vipande vya macho vya kubadilisha, wazi, finyu, moja limekunjwa, na barakoa isiyo na mdomo inaanza kuonyesha hisia. Nimekaa na kipande kimoja tu cha jicho jioni nzima, nikibadilisha, nikirudi nyuma, nikitazama. Hiyo ndiyo raha yake, na ni raha ya kweli.

Nguo ya kitambaa ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Spider-Man wa kitambaa alikuwepo mwaka 1967, pale kampuni ya Ideal ilipotoa suti yake ya kumvisha Captain Action, sanamu ya sentimita 30 iliyobadilika kuwa shujaa mmoja baada ya mwingine. Hot Toys nao walipoanza mwaka 2000 walitengeneza wanajeshi wa kipimo hichohicho. Kwa hiyo sanamu hii inayoonekana ya kisasa kuliko zote imefuata umbo la zamani kuliko zote, likaongezewa ushonaji unaoogopesha kwa udogo wake.

Spider-Man anafaidika na kitambaa kwa sababu suti yake hubana. Kitambaa chenye kunyumbulika kilichochapishwa mistari huonekana kama nguo kwa kuwa ni nguo. Ila katika 1:12, uzi ni uleule na mwili umekuwa mdogo, hivyo mshono unaonekana mnene. Mezco wamefanya kazi kubwa kuuficha, lakini ukitazama kwapani utauona.

Kwa wapenzi wa Batman

Hapa swali ni moja: joho la plastiki au la kitambaa? Joho la plastiki lina mikunjo mizuri iliyochongwa, halihitaji kupangwa, na linamwangusha Batman kwa nyuma. Uzito wote uko mgongoni. McFarlane huweka stendi ndogo ya duara ndani ya boksi, na utaihitaji. Joho la kitambaa lenye waya kwenye ukingo, kama wanavyotumia Mezco na MAFEX wa Medicom, linampa mikao mitatu au minne ambayo la plastiki haliwezi: linapeperuka, linamfunika, linatanda kama mabawa. Ninapendelea la waya bila kusita. Kunja waya polepole, kwa mviringo mpana. Ukiukunja kwa pembe kali mara kwa mara utatoboa kitambaa.

Miaka kumi baadaye

Hili ndilo jambo ambalo matangazo hayaligusi, na ndilo lililonifanya nibadilishe ninachonunua.

PVC inalainishwa na vimiminika vilivyochanganywa ndani yake, na baada ya miaka vimiminika hivyo hutoka taratibu juu ya ngozi ya plastiki. Sanamu inaanza kunata. Wengi wanadhani imeoza. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, ikaushe, iache mahali penye hewa. Boksi lililofungwa kabisa huongeza hali hii, kwa kuwa kinachotoka hakina pa kwenda. Plastiki nyeupe na za buluu hafifu hugeuka manjano, hasa zikipigwa na jua. Spider-Man mwekundu naye hasalimiki na jua: wekundu unafifia, na unafifia upande mmoja.

Viungo vya Marvel Legends hulegea kwa kuchezwa, lakini vinatibika. Tone dogo la ng'arisho ya sakafu ya akriliki, iliyo wazi isiyo na rangi, likiachwa likauke ndani ya kiungo, huacha utando mwembamba unaorudisha mshiko. Si gundi. Gundi itakuachia kiungo kimoja kilichogandamana milele.

Ngozi ya bandia ndiyo inayoniumiza roho. Koti, mikanda na suti nyingi za sanamu za 1:6 zimetengenezwa kwa kitambaa kilichopakwa poliyurethani, na unyevu wa hewa huvunjavunja utando huo kidogo kidogo. Kwanza unapasuka kwenye kiwiko, kisha unabanduka kama maganda. Hutokea hata kama hukuigusa. Nilikuwa na sanamu moja, simtaji mtengenezaji, niliyoitunza kabatini gizani kwa miaka, na siku nilipomkunja mkono, koti likamwagika mezani vipande vipande. Spider-Man wa kitambaa kilichofumwa hana ugonjwa huo kwa kiwango kile. Shujaa mwenye koti la ngozi anao. Kama utatumia pesa nyingi kwa sanamu ya 1:6, chagua shujaa ambaye nguo yake ni ya kufumwa au ya plastiki ngumu. Iron Man wa Hot Toys wenye sehemu za chuma, walioanza kutoka mwaka 2013, ni mfano mzuri: hakuna cha kubanduka. Watoe tu betri kabla ya kuwahifadhi, zisije zikavuja.

Boksi, na swali la thamani

Kuna wanaonunua bila kufungua kabisa. Siwalaumu, boksi lililo safi hubeba sehemu kubwa ya thamani, na kwa sanamu za zamani linabeba karibu yote. Nchini Marekani kuna Action Figure Authority, AFA kwa kifupi, wanaoikagua sanamu, kuifungia ndani ya kasha la akriliki na kuipa alama hadi 100. Alama 85 tayari ni hali nzuri sana. Wanatazama pembe za kadi, uwazi wa plastiki ya mbele, hata kile kitundu cha kuning'inizia dukani, kama kimetobolewa au bado kimezibwa.

Kwa sanamu mpya nisingenunua kwa hesabu hiyo. Hasbro na Bandai hurudia matoleo yanayopendwa, na toleo la pili mara nyingi linakuwa zuri zaidi ya la kwanza. Aliyeficha maboksi matatu akitarajia faida anaamka siku moja akikuta sanamu ileile imerudi madukani ikiwa na rangi bora.

Ukiingia kwenye za zamani, uliza zinavyofanya kazi. Mashujaa wa Mego wa inchi 8, walioanza mwaka 1972, miili yao ya mwanzo imeunganishwa kwa mpira wa ndani, na mpira huo huchoka. Mwenye miguu inayoning'inia hajavunjika, anahitaji mpira mpya. Mashujaa wa Super Powers wa Kenner wa mwaka 1984 wana mtambo ndani: ukibana miguu, mikono inapiga ngumi, au ukibana mikono, miguu inasogea. Bana kabla ya kulipa. Mtambo ukiwa umekufa, thamani imeshuka hata kama rangi inang'aa.

Na kwa Marvel Legends iliyotumika kuna mtego wake. Tangu mwaka 2005, Toy Biz walipogawa viungo vya jitu liitwalo Galactus kati ya sanamu za mfululizo mmoja, matoleo mengi huja na kipande cha jitu la kuunganisha. Muuzaji wa mkono wa pili mara nyingi amekitoa. Uliza waziwazi: kipande kipo? Kama hutaki jitu lenyewe, sanamu isiyo na kipande hupatikana kwa bei ya chini, na kwako ni faida tupu.

Feki

Figuarts na MAFEX hughushiwa sana, kwa sababu ni ndogo na ghali. Harufu kali ya kemikali boksi linapofunguliwa ni ishara ya kwanza. Ya pili ni mng'ao: plastiki halisi ya Figuarts imefifishwa, ya feki inameta kama pipi. Ya tatu ni viganja visivyoingia, au vinavyodondoka vyenyewe. Linganisha boksi na picha rasmi za kampuni, herufi kwa herufi, na utafute stika ya Tamashii Nations, chapa yao ya sanamu za wakusanyaji, kwenye za Bandai, ingawa nayo inaigwa. Bei iliyo nusu ya bei ya kila mahali si bahati.

Basi nani achukue ipi

Ukitaka kuishika, kuipiga picha, kuibadilisha mkao kila ukipita mezani, chukua Figuarts. Italipiwa mara tatu au nne ya Marvel Legends, na kwa Spider-Man tofauti hiyo unaipata mkononi, hasa shingoni na nyongani. Kwa shujaa anayesimama wima na kukunja ngumi, kama Captain America, tofauti ni ndogo, na hapo ningebaki na Marvel Legends bila kujuta.

Ukitaka kikosi, wengi, waliolingana, pamoja na maadui ambao hakuna mwingine atakayewatengeneza, Marvel Legends haina mpinzani. Ndiyo pia ya kumpa mtoto mkubwa ambaye ataicheza kweli. Ikivunjika roho haitauma sana.

Mezco nampendekeza kwa Batman kuliko kwa Spider-Man. Kitambaa kinampa Batman joho, na kinampunguzia Spider-Man wepesi.

Hot Toys ni ya mtu anayejua kwamba ataiweka mahali na kuitazama. Bei yake ni kama mara kumi ya Marvel Legends, na hakuna mkao utakaokurudishia pesa hiyo. Kitakachokurudishia ni uso, mshono, na namna mwanga wa jioni unavyoangukia suti. Nunua mmoja, shujaa unayempenda kuliko wote, na umtengee nafasi isiyofikiwa na jua. Wa pili na wa tatu hawana nguvu kama wa kwanza. Nimeliona hilo kwenye kabati langu mwenyewe.

Yoyote utakayochukua, usitupe boksi siku ya kwanza. Mtoe, hesabu viganja, kagua kama miguu ni wa kulia na wa kushoto, maana hutokea kiwanda kikaweka ya kushoto miwili. Zungusha kila kiungo taratibu mara moja, ukianza na vifundo. Pasha kinachokataa. Halafu mkalishe kwa kuchuchumaa.